Kiti cha Kushoto, Dar hadi Mbeya

Kwenye basi la Mbeya, mwezi Juni, tuliojua njia tuligombea viti vya kushoto. Msimu huo jua liko kaskazini, kwa hiyo abiria wa kulia anaungua kutwa nzima. Wa kushoto anakaa kivulini, na milima karibu yote iko upande wake. Nasema juu ya miaka ile mabasi yalipoondoka Ubungo alfajiri, kabla stendi haijahamia Mbezi. Safari ni zaidi ya kilomita 800, na Mungu akijalia unafika jua halijazama.

Uluguru ndiyo iliyotangulia, pale Morogoro, vilele bado vimefunikwa na ukungu. Mikumi nchi ikatandaa tambarare. Dereva alipunguza mwendo kwa kuogopa faini ya kugonga mnyama, na watu wa kulia wakatuinamia kutazama twiga. Ruaha Mbuyuni tulikuta joto, mibuyu, na vitunguu vikiinuliwa hadi dirishani. Mama niliyekaa naye, mwenyeji wa Tukuyu, alikuwa na khanga moja tu mabegani. "Nunua hapa, mwanangu," aliniambia. "Huko mbele bei nayo inapanda mlima."

Kisha Kitonga. Mazungumzo yalikatika. Basi lilijikokota nyuma ya malori ya Zambia na Kongo, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Mbele yetu lori moja lilikuwa limeelemewa. Utingo wake alitembea nyuma kwa kandambili, gogo mkononi: lori likisimama analisukumiza chini ya tairi, likisogea analiokota na kulikimbilia. Alipanda hivyo kona baada ya kona, shati limemganda mgongoni. Lori lililoshuka likatupita, harufu ya breki ikajaa ndani.

Kule juu masikio yaliziba, yakazibuka. Ilula walituuzia nyanya. Ipogolo, chini ya kilima cha Iringa, mama alitoa sweta kwenye kifurushi chake. Baada ya Mafinga, kwenye misonobari ya Sao Hill iliyopandwa kwa mistari, kondakta alitangaza kuchimba dawa. Walioshuka kwa mbwembwe walirudi mbio wakitetemeka. Makambako upepo ulipenya hata kwenye madirisha yaliyofungwa, na mama akajizungushia blanketi.

Mimi nilidhani tumeshafika juu na tutabaki huko. Kumbe barabara ilikuwa inateremka kuelekea Usangu, mashamba ya mpunga kulia, safu ya Kipengere imesimama kushoto kama ukuta. Chimala, inakoanzia ile njia ya Matamba yenye kona 57 kuelekea Kitulo, jasho lilitutoka upya. Blanketi likakunjwa, sweta likavuliwa. Nguo za yule mama zilinieleza njia kuliko vibao vya barabarani.

Siku hizi kuna ndege hadi Songwe, tangu mwaka 2012, nami nimeipanda. Inakutoa kwenye joto na kukushusha kwenye baridi mara moja, basi, Chimala huijui.

Uyole tuliingia jioni, magunia ya viazi yamepangwa kando ya lami. Mama alikuwa anashuka hapo kutafuta gari la Tukuyu. Alivaa tena sweta, akajifunga blanketi, akaongeza na kitenge juu. Nikamwuliza kama hapo pana baridi kiasi hicho.

"Hapa bado, mwanangu. Nakwenda kupita Isongole."