Barua ya Udahili Isiyo na Namba ya Malipo

Barua iliingia kwenye simu yangu mwezi Machi, saa tano usiku, nikiwa Morogoro nasahihisha majaribio ya wanafunzi. Niliisoma mara tatu nikitafuta namba ya malipo. Aliyesoma vyuo vya kwetu ananielewa: ukishachaguliwa, kinachofuata ni namba ya malipo na tarehe ya mwisho ya kulipa, na usipolipa hata jina lako halionekani kwenye mfumo. Barua hii, ya kunidahili kusoma uzamivu, ilitoka shule ya biashara ya chuo kikuu kimoja cha Marekani. Kurasa mbili, hakuna namba. Ilisema ada yote imefutwa, bima ya afya italipwa na chuo, na nitapewa posho ya kujikimu kwa miaka mitano, ilimradi niende vizuri na masomo. Kwa upande wangu nilitakiwa kumsaidia profesa kazi za utafiti na ufundishaji, saa zisizozidi 20 kwa wiki. Nilipewa hadi tarehe 15 Aprili kujibu, kwa kuwa vyuo vingi vya huko vimekubaliana kwamba mwanafunzi asishinikizwe kuamua kabla ya siku hiyo.

Kesho yake nilimpigia mjomba, aliyenilipia ada tangu sekondari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mjomba, na wao wanapata nini hapo?"

Sikuwa na jibu. Sasa niko mwaka wa tatu, ninalo.

Katika jengo letu kuna wanafunzi wa namna mbili. Wa MBA wanalipa. Kwenye shule kubwa kama Wharton, Harvard na Stanford, ada peke yake inapita dola 70,000 kwa mwaka, na wengi wanaibeba kwa mikopo. Sisi wa uzamivu ni wachache mno, idara moja huchukua wawili, watatu, pengine wanne kwa mwaka, na hatulipi. Shule inatulea kwa sababu inahitaji walimu. Ithibati ya AACSB, ambayo shule za biashara zinaihangaikia, inaangalia kama walimu wana uzamivu na kama bado wanafanya utafiti. Mwalimu wa aina hiyo haokotwi. Lazima kuwe na mtu wa kumlisha miaka mitano wakati anajifunza kazi. Na profesa anayetaka kuchapisha anahitaji mtu wa kukaa na data: wiki iliyopita nimemaliza siku tatu nzima kwenye faili moja la hesabu za makampuni, nikitafuta kwa nini kampuni moja inaonekana mara mbili kwa majina yanayotofautiana nukta moja tu. Ile ni kazi, nami nalipwa kwa kazi. Hata kodi nakatwa.

Sweden na Norway wamekwenda mbele zaidi. Kule msomaji wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo, ana mkataba, ana likizo ya uzazi, na miaka yake inahesabika kwenye pensheni.

Sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kabla ya barua ile nilitumia fedha ambazo mhadhiri msaidizi hana. Mtihani wa GMAT unapita dola 250. Fomu ya maombi kwa chuo kimoja mara nyingi ni kati ya dola 75 na 125, nami niliomba vyuo vinane. Ukishapata, kuna dola 350 za kusajiliwa kwenye mfumo wa wanafunzi wa kigeni na 185 za viza. Vijana wengi wenye akili kunizidi wameishia kwenye fomu. (Andika barua pepe uombe msamaha wa ada ya maombi, vyuo vingi vinautoa, ila hawakutangazii.) Ukifika, mwenzi wako akija kwa viza ya kukusindikiza haruhusiwi kufanya kazi, na posho ya mtu mmoja inakuwa ya nyumba nzima. Halafu kuna mtihani mkubwa wa mwaka wa kwanza au wa pili. Ukiufeli, safari imeishia hapo.

Lakini hakuna aliyewahi kunizuia kuingia semina kwa sababu ya deni.

Nyumbani nina kaka yangu wa kazini, nitamwita Kaka tu, tuliyekuwa tunachangia ofisi. Ni mhadhiri msaidizi kama nilivyokuwa, na bila uzamivu hatapanda. Chuo chake kilimpa ruhusa ya kusoma, kikamwambia fedha hakuna. Akajisajili kwa kujilipia kwenye chuo kingine cha humo humo nchini, huku akiendelea na vipindi vyake vyote. Muhula uliopita alikuwa na somo moja la wanafunzi zaidi ya 400. Vijitabu vya mitihani alivipanga sakafuni sebuleni kwa mafungu ya hamsini hamsini, watoto wakawa wanaviruka kwenda jikoni.

Mshahara wake una makato ya Bodi ya Mikopo, asilimia 15 tangu sheria ibadilishwe mwaka 2016, kwa deni la shahada ya kwanza. Juu yake kuna mkopo wa SACCOS aliochukua kulipia ada ya uzamivu. Amebaki na ile theluthi moja ambayo taratibu za utumishi haziruhusu iguswe, kwa hiyo hata akitaka kukopa tena hakopesheki. Ndipo mtu anapoanza kuwatazama watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa.

Kinachoniuma zaidi ni tasnifu yenyewe. Kaka alitaka kuwafuata wafanyabiashara wa dagaa wa Kigoma, aone wanavyokopeshana na wenzao wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, bila benki na bila karatasi. Ni mada ambayo shule yoyote ya biashara duniani ingeisikiliza. Nauli, malazi na wasaidizi wa utafiti vikamshinda. Sasa anagawa madodoso kwa wenye maduka wa Morogoro mjini. Hivyo ndivyo tunavyopoteza elimu ambayo hakuna wa nje atakayekuja kututafutia.

Wazee wetu hawakusoma hivi. Kwa miongo mingi Sweden, kupitia shirika lake la Sida, ilisomesha walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nchi nyingine za Ulaya zikafanya hivyo kwenye vyuo vingine. Baadaye ukaja mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, ambao pia umesomesha wahadhiri. Nashukuru ulikuja. Ila mfadhili ana siku zake na mradi una mwisho wake, na mwalimu mpya anahitajika kila mwaka.

Ipo njia isiyo na tarehe ya mwisho. David Booth aliingia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1969 kusoma uzamivu, akaondoka mwaka 1971 na MBA. Mwaka 2008, akiwa tajiri wa uwekezaji, aliipa shule ile dola milioni 300, na leo inaitwa kwa jina lake. Fedha za namna hii huwekezwa, mtaji hauguswi, faida inasomesha. Wenzangu huku wanadhani ni ubunifu wa Kimarekani. Watu wa pwani tunalo jambo hili na neno lake tangu zamani: wakfu. Mtu anatoa nyumba au shamba la minazi, mali haiuzwi, mapato yanautunza msikiti na madrasa. Zanzibar hadi leo ina kamisheni ya wakfu. Benki zetu na kampuni zetu za simu zimejaa mameneja waliofundishwa na akina Kaka. Sioni kwa nini zisiweke wakfu wa kulipia hata watu wawili kwa mwaka kwenye kila shule ya biashara.

Na vyuo vianze na jambo lililo mikononi mwao. Mtu anayefundisha mamia ya wanafunzi huku anasoma uzamivu asitozwe ada. Anayekifundishia chuo kingine, chuo kile kimlipie. Programu za jioni za MBA zinaingiza fedha, na sehemu yake itengwe kwa ajili hiyo.

Wewe unayetafuta nafasi, ukipewa uzamivu wa biashara Marekani halafu ukaletewa ankara, uliza kwanza kwa nini. Shahada ile ya DBA, ya mameneja walio kazini, ndiyo kwa kawaida hulipiwa, na ukiipata kwa njia ya mtandao hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inaitambua kabla hujatuma hata senti.

Jana nilizungumza na Kaka. Amebakiza sura mbili za tasnifu na marejesho 14 ya SACCOS.