Kitanda cha Pili

Nilimwahidi mke wangu kwamba siku moja tungevuka Ziwa Victoria kwa meli. Kazi ya ualimu haikunipa nafasi. Mwaka 2021, nikiwa mstaafu na mgane, nilitoka Bariadi kwa basi hadi Mwanza, nikapanda peke yangu MV Victoria iendayo Bukoba usiku. Nililipia vitanda vyote viwili vya chumba ili nipate utulivu. Niliupata. Nilikaa kwenye sitaha nipendavyo, usiku usio na mwezi, nikitazama taa za wavuvi wa dagaa. Zilipopendeza mno niligeuka kusema, "Tazama!" Hapakuwa na mtu. Ndugu msomaji, nauli ya kitanda kitupu si kitu. Mwenye mwenzi asingoje kustaafu.