Kazi Ilikuwa Kung'oa

Niliporipoti mkoani Singida kama tabibu wa meno, mwishoni mwa miaka ya 1980, nilikabidhiwa makoleo, beseni na kiti cha mbao. Nchi yetu haina kada ya wasafisha meno kama Marekani. Kukwangua ugaga, kuziba, kung'oa na kwenda shuleni kufundisha mswaki vyote ni vya tabibu huyohuyo. Chuoni tulisoma yote. Kazini ilikuwa kung'oa tu, mgonjwa ameketi kwenye kiti hicho, muuguzi kamshika kichwa, mimi nimeinama mpaka kiuno kinakataa. Vifaa tulichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa.

Uchovu nilizoea. Rangi ya meno sikuizoea. Maji ya visima vingi vya Singida yana floridi nyingi, na mtoto anayekua akiyanywa huota meno ya kahawia. Kina mama walileta mabinti waliokaribia kuposwa. "Mwanangu, msugue tu, kidogo kitatoka."

"Mama, haitoki. Imeingia jino likiwa bado linaumbika."

Kila mama aliondoka akiamini nimemnyima dawa. Kiwango cha muda cha maji cha mwaka 1974 kiliruhusu miligramu 8 za floridi kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Sikuwalaumu waliokiweka: ukifunga kisima, watu wanywe nini? Lakini usafi wa meno ulinishinda kisimani, kabla mgonjwa hajafika kwangu. Halafu kulikuwa na vichanga waliochimbuliwa fizi kwa spoku ya baiskeli, eti wana yale yaliyoitwa "meno ya plastiki". Hao sipendi kuwakumbuka.

Mabadiliko yalianza kwa kitu kidogo. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa shule ya meno Dar es Salaam walikuwa wamejaribu kuziba jino bila umeme wala mashine: unachokoa uozo kwa vifaa vya mkono, unajaza simenti maalumu. Nilipofundishwa njia hiyo, kwa mara ya kwanza mgonjwa alitoka kwangu na jino lake. Mshahara haukuongezeka hata senti, na kupanda daraja kulichelewa kama kawaida, ila asubuhi nilikwenda kazini kwa hamu.

Umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipofika, baadhi ya vituo vilipata kiti cha kulaza mgonjwa na mashine ya kukwangua ugaga. Kiuno kikapumzika. Vijana ninaowatembelea leo huwasafisha meno watu wasioumwa popote, jambo ambalo sisi hatukulidhania. Mashine ikiharibika, wanarudi kwenye koleo, na barua za kuomba uhamisho zinaanza.

Wakurugenzi wa halmashauri, kwa tabibu aliyewahama mwaka jana, ulizeni kwanza mashine yake ilikaa muda gani ikisubiri fundi.