Shajara ya Molo: Kitunguu, Pareto, Viazi

Jumatatu, 9 Machi

Ukungu mpaka saa nne. Hadubini zetu zinategemea kioo, kioo kinategemea jua, na jua la Molo huja likipenda. Tukasubiri. Nikawapa kazi ya kubandua ngozi ya kitunguu, ile nyembamba ya ndani, hadi darasa zima likawa linafuta machozi. Tone la iodini. Jua likatoka.

Kelele! Seli safu kwa safu, kuta zimenyooka, na kila moja na kiini chake kimesukumwa kando.

W. hakupiga kelele. Aliinama kitambo, kisha: "Mwalimu, kijani kiko wapi? Kitabu kinasema mmea una kloroplasti." Swali bora la muhula huu! Kitunguu kimekua kizani, chakula kimeletewa kutoka majanini. Kloroplasti zingefanya nini humo? Jani lake la juu ndilo lililojaa. Nimetembea hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu.

Jumanne, 10 Machi

Seli za shavu leo. Kijiti cha pamba, rangi ya bluu. Vijana wale wakorofi wa nyuma wakanyamaza kabisa. Hakuna ukuta, hakuna mstari ulionyooka, kingo zimekunjamana, na kiini katikati kama doa la wino. "Mwalimu, huyu ni mimi?" Ni wewe. Utando mwembamba tu ndio unaokutenga na maji yaliyokuzunguka.

Alhamisi, 12 Machi, usiku

Nimesahihisha michoro. Mstatili: mmea. Duara: mnyama. Daftari baada ya daftari. Siupendi mchoro huu, na nitazidi kuusema. Seli ya neva inayoanzia uti wa mgongo hufika mguuni, karibu mita nzima. Hiyo ni duara gani? Chembe nyekundu ya damu yetu, ikikomaa, haina hata kiini.

Na hapo chini, Ziwa Nakuru. Chakula cha heroe ni uzi wa kijani uliojipinda, Arthrospira, seli zilizoungana mkia kwa mkia. Hazina kiini, hazina kloroplasti, na bado zinajitengenezea chakula kwa mwanga. Wekundu wa heroe unatoka humo. Maji yalipoanza kupanda, kuanzia kama 2010, magadi yakapungua ukali, uzi ule ukaadimika, heroe wengi wakahamia Bogoria. Ziwa zima kupoteza rangi yake kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa macho. Lazima niwaambie hili. Halimo kwenye mstatili wala duara.

Jumamosi, 14 Machi

Keringet, kwa Mama. Pareto tangu asubuhi. Vidole vyake havisiti: petali nyeupe zimelala bapa, safu tatu nne za njano zimefunguka, ua linaingia kapuni. Lililo changa analipita. Dawa iko kwa wingi kwenye vijimbegu vilivyojificha chini ya njano ile, na huu ndio umri wake wa kujaa. Yeye anaujua kwa kuangalia tu. Mmea wenyewe ni wa pwani ya Dalmatia huko Ulaya, ulifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ukaipenda baridi ya huku.

Baba aliing'oa yote zamani, kwa uchungu wa malipo yasiyokuja. Mama ameirudisha mstari kwa mstari. Namhofia. Simwambii.

Jumapili, 15 Machi

Mvua saa nane, ghafla, na maua yako nje kwenye magunia. Tukakimbia. Mengi yamelowa. Yakirundikana na unyevu yatachacha, dawa itapungua, na malipo hufuata kiwango cha dawa, si uzito peke yake. Tumeyatandaza sebuleni, mpaka mezani. Mama kimya. Mimi kimya. Nyumba nzima inanukia pareto.

Jumanne, 17 Machi

Nilibeba maua machache mfukoni. Masomo yalipokwisha nikabaki maabara. Wembe, kijimbegu, tone la maji.

Vitezi! Vimevimba juu ya ngozi ya kijimbegu, seli chache zilizobanana, zinang'aa. Nimekua kati ya mistari ya pareto na leo ndiyo naviona. Humo hutengenezwa nusu ya piretrini, ile dawa yenyewe ya kuua wadudu, kisha hupitishwa kwa seli za ndani ya kijimbegu, na huko huungana na nusu ya pili. Hakuna seli inayoimaliza kazi peke yake.

Halafu nikamwaza kiroboto. Utando wa seli yake ya neva una vilango vya sodiamu. Vinafunguka, vinafunga, ujumbe unapita. Piretrini ikifika, kilango kinashindwa kufunga. Neva inapiga, inapiga, inapiga, mdudu anaanguka. Hilo hadubini yetu haiwezi kunionyesha. Ningetoa mengi kuliona.

Jumatano, 18 Machi

W. tena. "Mbona pareto haijiui?" Haina neva, W. Sumu inataka mlango wa kuingilia, na kwa mmea mlango huo haupo. Akafikiri. "Na mama yako anayechuma?" Sauti ikanikwama kidogo. Sisi tuna vilango hivyo hivyo, lakini mwili wetu una joto na ini letu huivunja piretrini upesi. Samaki hana bahati hiyo. Nikawaambia wote: dawa ya kunyunyizia isimwagwe mtoni, hata iliyotoka kwenye ua.

Ijumaa, 20 Machi

Mama amepiga simu. Maua yamekauka, ukiyabana yanapukutika. Sampuli imechukuliwa. Majibu bado. Sauti yake ilikuwa nyepesi, nami nikalala mchana kidogo, jambo ambalo si kawaida yangu.

Jumatatu: viazi. Nimwombe Mama alete viazi vikubwa vya aina ya shangi. Vipande virefu vya unene sawa, vingine kwenye maji matupu, vingine kwenye maji ya chumvi. Vya maji matupu vitakakamaa: vakuoli inajaa, ukuta unaizuia isipasuke. Chembe ya damu, isiyo na ukuta, ingepasuka pale pale. Vya chumvi vitalegea hadi vipindike.

W. ashike kisu. Na hakuna kuchora mpaka kila mtu awe amekipinda kipande kwa mkono wake.