Bei ya Kuondoka

Tovuti nzima ya karakana ya shemeji yangu, fundi samani wa hapa Bunia, inaingia kwenye flashi moja na kubakiza nafasi tele. Ni folda tu: kurasa chache, picha za vitanda na makabati, namba ya simu, maelezo ya kufika. Haina hifadhidata, haina mahali pa mteja kujiandikisha, haina programu inayodai kuhuishwa kila mara. Anayeifungua akiwa Aru au Kampala hupewa faili zilezile anazopewa jirani wa Mudzipela. Tovuti za namna hii huitwa tuli, na mfanyabiashara mdogo zinamtosha kabisa.

Anayemwambia mwenye duka wa Bunia kwamba tovuti itamletea foleni ya wateja anamdanganya. Wateja wetu wako WhatsApp na Facebook, na huko ndiko bei inakopatanwa. Tovuti ina kazi nyingine. Shirika la misaada likitaka madawati ya shule, mtu wake wa manunuzi hutaka kujua kama karakana hiyo ipo kweli, na anuani isiyohamahama humjibu kabla hajapiga simu.

Shemeji aliponiomba nimtafutie mahali pa bei nafuu pa kuiweka, nilianzia kwenye dola. Kampuni nyingi hutangaza dola 2 au 3 kwa mwezi, lakini hiyo ni bei ya kumvuta mgeni. Mwaka wa kwanza ukiisha hupanda, mara nyingi maradufu. Tena hudai kadi ya benki, nasi tulio wengi tunalipana kwa M-Pesa na Airtel Money. Kumbe kwa tovuti tuli pa bure papo, tena pazuri. GitHub imekuwa ikizihifadhi tangu 2008, mradi tovuti isizidi gigabaiti 1, ingawa masharti yake hayataki uendeshe duka la mtandaoni juu yake. Vercel nao wana mpango wa bure, ila ni wa mambo binafsi, si wa biashara. Cloudflare Pages, iliyofunguliwa kwa wote mwaka 2021, haikutozi kwa wingi wa wageni. Hata cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari, ambacho zamani kililipiwa, Let's Encrypt hukitoa bure tangu mwishoni mwa 2015.

Nikamweleza hayo yote kwa furaha. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sawa, shemeji. Na siku wakinifukuza?"

Hilo ni swali la mtu wa Bunia. Mwezi wa Mei 2003, mji huu ulipogeuka uwanja wa vita, maelfu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wengine wakashika njia ya Komanda kwenda Beni, kabla ya jeshi la Ulaya la Operesheni Artemis kufika mwezi wa Juni. Waliopitia siku zile hawahitaji kuelezwa kwamba mali ina bei mbili: unayolipa ili uipate, na unayolipa siku ya kuondoka. Kabati la mbao ngumu lilibaki kwa waporaji. Cherehani ilikwenda kichwani, na ilipofika ugenini ikalisha watoto. Wala hayo si ya zamani peke yake. Kambi ya Kigonze, hapa hapa mjini, ina watu waliokimbia Djugu, waliolazimika kujifunza hesabu hiyo upya.

Tangu siku ile nimelibeba swali la shemeji hata kwenye mambo yasiyo ya kompyuta. Ndugu anapokupa chumba bure, au tajiri anapokupa mtaji bila karatasi, twauliza kuingia ni franka ngapi na tunashukuru. Kutoka hatuulizi, kwa sababu kuuliza kunaonekana kama kumshuku mfadhili. Mimi naona ni heshima kwa pande zote mbili.

Mtandaoni nako watu hufukuzwa. Yahoo iliifunga GeoCities mwaka 2009, na kurasa za watu wa kawaida zikaenda nayo. Google ilikuwa ikiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure kupitia wasifu wao wa biashara. Machi 2024 ikazizima. Freenom ilikuwa ikigawa bure majina yanayoishia kwa .tk, .ml, .cf na .ga. Walaghai wakayapenda kuliko wenye maduka, Meta ikaishtaki kampuni hiyo, na mwaka 2023 Gabon ikaichukua tena .ga yake na kufuta majina chungu nzima. Hata nchi hubadilika: Zaire ilipokuwa Kongo mwaka 1997, .zr iliipisha .cd, na kufikia 2001 ilikuwa imeondolewa kabisa.

Katika hali kama hizo, mwenye folda yake na jina lake ana kazi ya alasiri moja: anapandisha faili kwenye seva nyingine, analielekeza jina huko, wateja hawajui kitu. Asiye navyo hubaki na anuani iliyochorwa ukutani mwa duka, inayoelekeza patupu.

Kwa hiyo nilimshauri asilipie seva hata franka, alipie jina. Jina la .com ni kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Kadi iliyotumika ni ya ndugu aliye Kampala, lakini barua pepe ya usajili ni ya shemeji mwenyewe. Hapo ndipo wengi huumia: kijana wa kompyuta husajili jina kwa barua pepe yake, si kwa ubaya, kwa haraka tu, kisha anapata kazi mbali na jina la duka linaondoka naye.

Seva kuwa ng'ambo si hasara. Intaneti ilipokatwa nchini kwa takriban wiki tatu baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, tovuti zilizokuwa nje ziliendelea kusomwa Kampala na Brussels, ingawa sisi wenyewe hatukuweza kuzifungua. Mzigo halisi ni picha. Moja ya simu hufika megabaiti 3 au 4. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 100, kabati ni lilelile, na mteja aliyenunua mega kwa franka zake hakimbii.

Wewe uliye na tovuti tayari, mwite aliyekutengenezea. Mwombe nakala ya folda nzima kwenye flashi yako, na usajili wa jina uhamishiwe kwenye barua pepe yako. Akidai malipo, mlipe. Fanya hivyo wiki hii, angali Bunia.