Meno Mawili Si Manne

Wengi wetu huuliza hesabu za darasani zitatufaa nini. Mimi nilijibiwa Jumamosi moja likizoni, katika karakana ndogo hapa Changamwe. Mjomba wangu huchonga vyuma hapo kwa mashine inayoongozwa na kompyuta.

"Mwanangu, hesabu yake nyepesi," aliniambia. "Zidisha mizunguko ya kisu kwa dakika, idadi ya meno yake, na unene unaokatwa na kila jino."

Mizunguko ilikuwa 1,000, unene milimita 0.05. Nikaandika meno 4, nikapata mwendo wa milimita 200 kwa dakika. Upana wa mkato milimita 10, kina 2. Basi chuma kitakachoondolewa ni milimita za ujazo 4,000 kila dakika. Nishajiona mhandisi!

Mjomba aliniamini, akaingiza 200. Mashine iliguna, mara ka! Kisu kikavunjika vipande viwili. Kumbe kilikuwa na meno 2 tu! Mwendo ulifaa kuwa 100. Kila jino lilibebeshwa mzigo maradufu. Sikukitazama, nilikisia.

Tajiri alipouliza, mjomba alisema, "Kosa ni langu." Bei ya kisu ikakatwa kwenye mshahara wake, nami nimesimama pale, ulimi mzito. Jioni nilimwomba radhi. Akanijibu, "Jumatatu, anza kwa kuhesabu meno."

Wanafunzi wenzangu, kanuni niliijua, lakini kanuni haina macho. Siku hizi naja shule kwa miguu. Nauli ya matatu naiweka akiba, nimlipe mjomba kisu chake.