Kidole Kimoja Hakivunji Chawa, Hata Chumba cha Seva

Haya wadau, wiki hii naacha siasa kidogo. Nataka tuongee kuhusu kompyuta.

Msikimbie! Ni kompyuta inayotunza kumbukumbu za gazeti: kurasa zote, picha zote, hata zile ambazo mhariri alizikataa. Ofisini kwetu ilikuwa moja tu, kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi kinacholia kama bajaji. Mwaka huu ikazima siku mbili. Siku hizo hizo mheshimiwa mmoja akakanusha ahadi yake ya zamani, na mwandishi aliyekuwa na stori hiyo hakuwa na pa kuitoa habari ya awali. Bila kumbukumbu ni neno lako dhidi ya neno lake, na yeye ana king'ora.

Basi uongozi ukakubali kile ambacho fundi wetu wa IT amekuwa akikiomba muda mrefu: seva iliyosimama peke yake igeuzwe kuwa klasta. Nikamfuata anieleze.

"Kaka, umeshapanda basi la mkoani lenye madereva wawili?" akaniuliza. "Mmoja anaendesha, mwingine macho. Wakibadilishana abiria hawashuki."

Ndivyo ilivyo. Seva ni mbili, zenye programu ileile. Kila mara zinatumiana ujumbe mfupi unaoitwa mapigo ya moyo. Mapigo yakikatika, ya pili inashika zamu: inawasha programu, inachukua data, na inachukua anwani ya mtandao ambayo wote tunaijua. Jina la seva ya zamani linageuka kuwa jina la klasta nzima, hivyo kompyuta za wahariri hazihitaji kuguswa. Data yenyewe inakaa kwenye diski za pamoja, au inanakiliwa papo hapo toka seva moja kwenda nyingine. Kazi hiyo ya kunakili inaweza kufanywa bure na DRBD, programu iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux toleo la 2.6.33 mwaka 2010.

Rahisi eh? Subiri. Itakuwaje kama seva zote ni nzima, ila waya kati yao umekatika? Kila moja itadhani mwenzake kafa, zote zitajitangaza kuwa wakuu, na kila moja itaanza kuandika ya kwake. Tarehe 21 Oktoba 2018 mtandao wa GitHub ulikatika kwa sekunde 43 tu kule Marekani. Mfumo ukahamishia ukuu pwani ya magharibi wakati mashariki kulikuwa na maandishi ambayo hayajavuka. Kusawazisha pande hizo mbili na kurudisha huduma sawasawa kulichukua saa 24 na dakika 11. Sekunde 43, wadau!

Dawa yake ni ileile ya bungeni: akidi. Unaweka shahidi wa tatu mwenye kura, na asiye na wingi haruhusiwi kuandika kitu. Zaidi ya hapo, seva inayopokea zamu inamkatia kwanza umeme mwenzake ili isiwe na wasiwasi naye. Mafundi wa Linux wana kifupisho cha kazi hiyo ambacho maana yake ni kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Watu hawa wapole kwa sura tu.

Hapo nikauliza swali langu la kiandishi: hizo seva mbili zitakaa wapi? Maana kuwa na viwili si lazima kuwa na usalama. Unguja ilikaa gizani toka Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa sababu ilitegemea njia moja ya umeme kutoka bara. Sawa, hiyo ilikuwa moja. Lakini Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na tulioko Dar tunakumbuka tulivyohangaika. Seva mbili kwenye soketi moja, chini ya kiyoyozi kimoja, ni seva moja iliyonunuliwa mara mbili.

Fundi akacheka. Ya pili imewekwa jengo jingine, kwenye umeme wake.

Akanionya na jambo jingine ambalo wakurugenzi wengi hawapendi kulisikia, kwa kuwa lina gharama zake: klasta si nakala rudufu. Ukifuta picha kwenye seva ya kwanza, ya pili nayo inaifuta kwa utiifu wote, dakika hiyohiyo. Kwa hiyo nakala nyingine lazima ikae nje, kwenye diski ambayo haijaunganishwa na kitu.

Siku ya majaribio alichomoa waya wa seva kuu mchana kweupe huku natafuta habari ya mwaka 2010. Skrini ikaganda, nikahesabu hadi thelathini na kitu, habari ikaja.

Hesabu yake ni hii: huduma inayopatikana asilimia 99 ya muda hukosekana zaidi ya siku tatu na nusu kwa mwaka. Kwa duka hiyo ni hasara tu. Kwa gazeti, siku tatu zinatosha kabisa mtu kuukana mwaka mzima.

Naomba kuwasilisha.